Nani Ashike Ufunguo wa Fedha Yetu?

Msomaji mpenzi, kama una sarafu mfukoni, itoe uitazame. Ikiwa ni ya toleo lililotoka mwishoni mwa mwaka 2018, utaona twiga katika shilingi moja, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10, na ndovu katika shilingi 20. Hutaona uso wa mtu. Sarafu za zamani hazikuwa hivyo. Wakoloni walitia sura za wafalme wao. Baada ya Uhuru ikaja sura ya Rais Jomo Kenyatta, ikafuata ya Rais Daniel arap Moi, na mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki naye akapata sarafu yake ya shilingi 40. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyokomesha desturi hiyo. Kifungu cha 231 kinakataza sura ya mtu yeyote katika fedha ya Kenya. Na katika kifungu hichohicho yamo maneno mazito zaidi, kwamba Benki Kuu, katika kutumia mamlaka yake na kutimiza kazi zake, haitakuwa chini ya maelekezo wala utawala wa mtu au mamlaka yoyote.

Mambo hayo mawili kwangu ni jambo moja. Sura ya mtawala iliondolewa kwa sababu fedha si mali yake. Na amri ya mtawala iliondolewa kwa sababu hiyohiyo. Lakini sura hufutika kwa wepesi kuliko amri. Fundi akibadili muhuri wake, sura imekwisha. Amri hurudi kwa simu, kwa barua, kwa karamu, au kwa uhamisho wa mtumishi mkaidi. Hiyo ndiyo sababu ya maneno yangu haya.

Najua utakavyonijibu, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi hapa kwetu Sangailu. Utasema: haya ni magomvi ya wakubwa wa Nairobi, Waziri na Gavana wake, mafahali wawili katika zizi lisilo letu. Sisi tu watu wa Ijara, kusini mwa Garissa, baina ya mto Tana na mpaka wa Somalia. Mali yetu ina pembe na kwato. Mtu wa Sangailu atakaye dirisha la benki husafiri saa nyingi katika barabara ya udongo, na mvua ikinyesha barabara hiyo hufunga kabisa. Kuna uhusiano gani baina ya mtu huyo na uhuru wa Benki Kuu? Mzee mmoja aliniambia, huku akicheka, kwamba yeye Gavana wake ni fahali wake, na kwamba fahali huyo hajapata kupokea amri ya mtu.

Nilicheka naye, kisha nikamwuliza ni nani ashikaye ufunguo wa kisima wakati wa kiangazi.

Nawe msomaji, kama umezaliwa katika nchi kavu, wamjua mtu huyo. Jua likizidi na mabwawa yakikauka, watu wote hukutana kwenye kisima cha mashine. Mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi wanne hungoja zamu. Mtunza kisima ndiye awashaye mashine na ndiye aizimaye. Hakupewa kazi hiyo kwa kura za nchi nzima. Alipewa kwa sababu anajua mashine, anajua kina cha maji, na anajulikana kuwa hapendelei. Chifu akifika na kundi lake hupewa salamu zake na heshima yake, lakini zamu yake haisogei. Mtunza kisima akimfungulia mtu mmoja kwa sababu ya cheo, kesho atamfungulia wa pili kwa sababu ya undugu, na keshokutwa wa tatu kwa sababu ya fedha. Wiki haitakwisha kabla kisima hakijawa matope. Watakaoathirika kwanza si wenye ng'ombe mia, maana hao wana malori ya kuhamisha mifugo yao. Ni wenye mbuzi wanne.

Fedha ni kama maji hayo, na nitakueleza kwa nini.

Serikali hupata fedha kwa kutoza kodi au kwa kukopa. Njia zote mbili ni chungu, kwa kuwa mtoa kodi hulalamika na mkopeshaji hudai. Iko njia ya tatu isiyoumiza siku ile inapotumika, nayo ni kuiambia Benki Kuu: wewe ndiwe mtoaji wa noti, basi nipe. Tuseme siku ya soko wameletwa ng'ombe 10, na wanunuzi wote pamoja wana shilingi laki tano. Usiku ule serikali ikatia laki tano nyingine mifukoni mwa watu wachache iwapendao. Kulipokucha fedha imekuwa maradufu, lakini ng'ombe ni walewale 10, hawakuongezeka hata mkia. Bei itapanda. Aliyepata noti mpya mapema atanunua kwa bei ya jana. Mwalimu angojaye mshahara, na bibi kizee aliyeficha akiba yake katika sanduku, watanunua kwa bei ya kesho. Hiyo ni kodi isiyopitishwa na Bunge lolote, wala mtozaji wake hatoi risiti.

Usidhani nabuni. Mwezi wa Desemba 1992 Kenya ilifanya uchaguzi mkuu wa vyama vingi, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Fedha zikamwagwa kama mchanga. Noti ya shilingi 500 ilienea katika kampeni hata wananchi wakaibandika jina la kijana mmoja wa siasa wa siku zile. Mwaka uliofuata, 1993, mfumuko wa bei ulifika wastani wa asilimia 46. Yaani kitu kilichouzwa shilingi 100 kilitaka shilingi 146 mwaka uliofuata, ilhali mshahara wa mwalimu haukujua habari hizo. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto mchanga. Niliyajua mambo haya vitabuni na vinywani mwa wazee, na wazee wakiyasimulia huzungumza juu ya sukari na unga, hawazungumzi juu ya asilimia.

Katika miaka hiyohiyo ulipita mkasa wa Goldenberg. Kampuni hiyo ilidai kuuza ng'ambo dhahabu na almasi za Kenya, nchi yenye dhahabu kidogo na isiyo na almasi, na ikaahidiwa fidia ya asilimia 35 juu ya fedha za kigeni ilizosema imeleta. Mabilioni ya shilingi yakatoka, na njia yalimopita ilikuwa Benki Kuu yenyewe. Wakubwa waliopaswa kusema la hawakulisema. Aliyelisema alikuwa karani kijana, David Munyakei, aliyeona karatasi zikipita mezani pake na hesabu yake ikakataa. Alizitoa karatasi hizo, zikafika Bungeni mwaka 1993. Yeye akakamatwa, akafukuzwa kazi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 akafariki dunia hali ya kuwa maskini. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na habari zilikuwamo. Kilichokosekana ni ulinzi kwa mwenye kalamu.

Ndipo sheria ikabadilishwa. Tangu mwaka 1997 Benki Kuu ikapewa uhuru wa kutenda kazi yake, na lengo lake la kwanza likawekwa kuwa ni kuthibitisha bei. Serikali ikiishiwa kwa muda yaweza kukopa kwake, lakini si zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake yaliyokwisha kukaguliwa. Kisha ikaja Katiba ya 2010 na kifungu nilichokutajia. Kwa hiyo msomaji, mtu akikuambia kwamba uhuru wa Benki Kuu ni fikira ya wazungu tuliyoletewa katika mikoba, mwambie kwamba tulifunzwa kwa unga uliopanda bei.

Nasi wa mpakani tuna somo jingine ambalo mtu wa Nairobi hulisoma gazetini tu. Vuka mpaka uingie Somalia. Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Mohamed Siad Barre ilianguka, na Benki Kuu ya Somalia ikaanguka pamoja nayo. Kabla ya hapo serikali hiyo ilikuwa imekwisha kuzoea kuzifanya benki mfuko wake, na bei zilikuwa zikipanda miaka mingi. Shilingi ya Somalia haikufa siku ile. Watu waliendelea kuipokea kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Lakini kila mwenye bunduki na mtambo wa kuchapa akajifanya Benki Kuu. Noti ndogondogo zikatoweka, ikabaki noti ya shilingi elfu moja peke yake, nayo ikawa inachapwa na mabwana wa vita na wafanyabiashara. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema kwamba noti zipatazo asilimia 98 ya zilizokuwa zikizunguka zilikuwa za bandia. Fikiri jambo hilo, msomaji: katika kila noti 100, ni 2 tu zilizokuwa za kweli, na watu walijua, na wakazipokea! Thamani ya noti ile ilishuka mpaka ikakaribia gharama ya karatasi na wino wake, na hapo ndipo mchapaji alipokosa faida.

Ni nani aliyelipa? Tajiri wa Mogadishu alihamia kwenye dola za Marekani. Mwuza maziwa wa sokoni, ambaye dola hajapata kuishika, ndiye aliyebaki na bunda la elfu mojamoja lililofungwa kwa mpira.

Utaniambia kuwa mfano huu umezidi kiasi, kwa kuwa kule hapakuwa na serikali wala benki, na sisi tunayo yote mawili. Ni kweli. Walakini baina ya mtambo ulioshikwa na bwana wa vita na mtambo ulioshikwa na mwanasiasa siku ya uchaguzi, tofauti ni ya wingi wa madhara, si ya aina yake. Wote wawili huchapa wakipendacho leo na humwachia mwingine deni la kesho.

Sasa nageukia hoja iliyo nzito kuliko hiyo. Tulipokuwa katika chuo cha ualimu, rafiki yangu mmoja, mtu mwenye akili kali na sauti kali zaidi, alikuwa akinishinda kila tukifika hapa. Alisema: serikali imechaguliwa na wananchi, Bunge limechaguliwa na wananchi, Gavana amechaguliwa na nani? Wananchi wakitaka riba nafuu, na wajumbe wao wakitunga sheria, huyu bwana asiye na kura hata moja ana haki gani ya kukunja uso? Mwaka 2016 jambo hilo lilitokea hasa. Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia riba za mikopo zisizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi mwezi wa Agosti. Wananchi walishangilia, nami sikuwalaumu, maana riba zilikuwa za kunyonya damu. Gavana Patrick Njoroge alikuwa amepinga. Matokeo yake yakawa kwamba mabenki yaliona heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mwenye kibanda, na mkopo nafuu ukawa kama mvua ya ng'ambo ya mto: waiona, haikufikii. Sheria hiyo iliondolewa mwezi wa Novemba 2019.

Lakini kuonyesha kwamba sheria moja ilikosea hakutoshi kumjibu rafiki yangu. Jibu langu ni hili. Wananchi wenyewe, kwa kura yao ya mwaka 2010, waliipitisha Katiba iliyosema kwamba kazi hii moja itolewe katika mikono ya wachaguliwa. Hawakufanya hivyo kwa kudharau kura. Walifanya kama mtu ajijuaye kuwa mlafi, akampa mkewe ufunguo wa ghala kabla ya njaa kuingia. Mwanasiasa huhesabu miaka mitano. Bei huhesabu miaka mingi zaidi. Uganda, mwaka 2011, serikali ilichota dola milioni 740 katika akiba ya fedha za kigeni kununua ndege za kivita na zana nyingine, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 30; ukame na bei ya mafuta vilichangia, siwezi kuficha, lakini kisima kilikuwa kimekwisha kuchotwa. Na Uganda yajua kisa kibaya zaidi: Joseph Mubiru, Gavana wa kwanza wa benki yao, aliuawa katika enzi ya Idi Amin. Uturuki, baina ya Julai 2019 na Machi 2021, Rais aliwaondoa magavana watatu mmoja baada ya mwingine. Oktoba 2022 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 85 katika mwaka mmoja. Wote hao waliochota na kufukuza walisema kwamba wanatenda kwa jina la wananchi.

Kwetu Kenya hatuui magavana, namshukuru Mungu. Sisi twahamisha. Mwaka 2008 naibu wa Gavana, Jacinta Mwatela, mwanamke aliyejulikana kwa ugumu wa kutia sahihi, aliteuliwa kwenda kuwa Katibu katika Wizara ya Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Kame. Aliikataa kazi hiyo, na wengi wakaona kwamba ilikuwa njia ya kumtoa Benki Kuu kwa adabu. Niruhusu nitoke kidogo njiani hapa. Wakoloni walipotaka kumnyamazisha mtu walimpeleka Lokitaung, Lodwar au Maralal. Miaka 45 baada ya Uhuru, ilipotakiwa kumwondoa mtu mgumu kwenye hazina ya taifa, aliyezipanga teuzi akafikiri tena juu ya kaskazini. Sijui ni dharau kwake au ni dharau kwetu. Yamkini ni kwetu sote.

Narudi njiani, nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Sitaeleza habari za siku ile. Aliyekuwapo Garissa hahitaji kuelezwa, na asiyekuwapo hataelewa kwa maneno yangu. Nataka tu ujue kwamba nayaandika haya nikiwa mtu aliyelia, wala simtetei mwuaji wala mlipaji wa mwuaji. Serikali ilikuwa na haki, bali ilikuwa na wajibu, kuitafuta fedha ya wauaji popote ilipo.

Siku chache baadaye leseni za kampuni 13 za kupeleka fedha, hizo tuziitazo hawala, zilisimamishwa zote pamoja. Leseni hizo zilikuwa zimetolewa na Benki Kuu yenyewe, kwa kanuni za mwaka 2013 zilizotungwa makusudi ili hawala itoke gizani, waendeshaji wake waandikishwe, na vitabu vyao vikaguliwe. Serikali ilitaka zifungwe. Benki Kuu ikafunga. Na wakati huo kiti cha Gavana kilikuwa kitupu: aliyekuwapo alimaliza muda wake mwezi wa Machi, na mpya hakuapishwa mpaka Juni. Nyumba ilikuwa na mlinzi wa muda tu.

Yatazame haya kwa jicho la mtunza kisima. Chifu amekuja akasema kuna mwizi aliyekunywa maji haya. Mtunza kisima mwaminifu atasema: nionyeshe ni nani, nami nitamnyima, au nipe siku tatu niangalie daftari langu, maana kila aliyekunywa nimemwandika. Hatafunga mashine watu wote wafe kiu. Benki Kuu ndiyo iliyokuwa na daftari. Ndiyo iliyojua ni kampuni ipi yenye hesabu safi na ipi yenye hesabu chafu, au kama haikujua, basi kosa lilikuwa lake na si la bibi kizee wa Sangailu. Kampuni moja ingefungwa kwa ushahidi, nami ningepiga makofi. Kampuni 13 kufungwa kwa pigo moja si ukaguzi. Ni amri iliyovaa kanzu ya ukaguzi.

Watu wa Wizara walisema, nao huenda bado wasema, kwamba katika vita hakuna nafasi ya kupima. Mimi nasema palikuwa na sababu ya kupima hata kwa ajili ya vita vyenyewe. Fedha ya halali ikifungiwa mlango wenye mlinzi na daftari, hupita porini katika mkoba, na mkoba hauna daftari. Kwa muda wa wiki kumi na zaidi serikali ilijifumba jicho lake mwenyewe. Mwezi wa Juni kampuni zikaruhusiwa tena, kwa masharti mapya ya ukaguzi. Masharti ambayo yangaliweza kutolewa mwezi wa Aprili bila kumnyima mtu chakula.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya, chaki haijanizoea vidole. Darasani mwangu, kidato cha pili, alikuwamo msichana aliyelelewa na nyanya yake. Mjomba wake alikuwa dereva Minneapolis, kule Marekani, ambako Wasomali wengi wameweka makazi. Kila mwezi alituma fedha, si nyingi, kwa duka la hawala, na fedha hiyo ilikuwa karo, unga, mafuta ya taa na dawa za bibi. Bibi hakuwa na simu, wala hakuwa na akaunti. Mwenye duka alimjua kwa uso, na baba yake alimjua kabla yake. Muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa Mei, msichana hakuja. Nilikwenda kwao. Bibi aliniuliza kwa upole kabisa, kama aulizaye habari za mvua, ni kosa gani mwanawe wa Minneapolis alilofanya. Nilikuwa nimesoma vitabu vya uchumi, na sikuwa na neno la kumjibu.

Haya, na Benki Kuu nayo isikilize, maana simwandiki malaika. Uhuru wake si ruhusa ya kutusahau. Mwaka 2019 ilitoa noti mpya, ikatangaza tarehe 1 Juni kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma tarehe 1 Oktoba. Nia ilikuwa kunasa fedha chafu, na noti zenye thamani ya shilingi zipatazo bilioni 7.4 hazikurudi. Benki ilizihesabu kuwa ushindi. Lakini miongoni mwa hizo, ni ngapi zilikuwa za wezi, na ngapi zilikuwa za mchungaji aliyezishona katika godoro na kuhamia malisho ya mbali, akarudi Novemba? Miezi minne ni mingi kwa mtu wa barabara ya lami. Tena, baina ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu, Dubai, Imperial na Chase, zilianguka au kufungwa chini ya macho ya mkaguzi huyohuyo, na wenye akiba wakabaki wakipiga foleni. Mtunza kisima ana ufunguo, naam, lakini kila mwisho wa mwezi huketi mbele ya kamati ya maji na daftari lake wazi, na mwanamke yeyote ana haki ya kumwuliza dizeli ilikwenda wapi. Kumwuliza baada ya kazi si sawa na kumpokonya ufunguo katikati ya kazi. Rafiki yangu wa chuoni hakutaka kamwe kuona tofauti hiyo, na nafikiri wengi Bungeni hawataki.

Wala uhuru huo haukosi matunda ambayo hata mzee wangu mwenye fahali anayala. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mabenki yaliichukia. Na mwisho wa mwaka 2008 Waziri aliyekuwa akishikilia Wizara ya Fedha alitangaza shaka zake na kutaka ikaguliwe. Benki Kuu iliikagua, ikasema ni salama, ikaiacha iendelee. Hapo mtunza kisima aliangalia daftari kabla ya kufunga mashine. Leo mzee huyo huuza ndama na kupokea bei yake kwa simu chini ya mti. Nilimkumbusha hilo, akasema ndama ni wake hata hivyo.

Basi nayataka haya, na nakuomba wewe msomaji uliye katika kidato, ambaye kesho utakuwa mpiga kura, au karani, au mbunge wa Ijara, uyatake pamoja nami. Kiti cha Gavana kisiachwe kitupu hata siku moja. Mrithi ateuliwe kabla ya muda wa mtangulizi kwisha, maana mlango uliofunguliwa Aprili 2015 uliachwa wazi tangu Machi. Waziri akitaka jambo kwa Benki Kuu, alitake kwa barua yenye sahihi yake, na barua hiyo isomwe Bungeni. Leseni ya hawala isifungwe ila kwa sababu iliyoandikwa dhidi ya kampuni hiyo, si dhidi ya kabila la wateja wake. Na Benki Kuu, kabla ya kubadili noti au kufunga mlango, itume mtu aje mpaka Hulugho na Sangailu, apande gari letu, akwame katika udongo wetu, aone siku inakwendaje.

Msichana yule alirudi darasani mwanzoni mwa Julai, duka lilipofunguliwa. Karo ilikuwa mkononi, katika bahasha, na mafunzo ya wiki nane yalikuwa yamempita. Hakuwahi kuyafikia yote. Daftari la mahudhurio la muhula ule ninalo mpaka leo. Mbele ya jina lake, tangu Mei mpaka mwisho wa Juni, nafasi ni tupu, kwa kuwa sikujua ni alama gani niandike: si mgonjwa, si mtoro, wala hakufukuzwa na shule.